Uraia Wangu na Miezi Minane ya Gyumri

Jumatatu, 4 Machi 2019

Barua imefika! Mahojiano ya uraia wa Amerika, Jumanne ya wiki ijayo, asubuhi. Mimi na mke wangu Siranush siku moja, jengo moja. Nimeibusu bahasha palepale kwenye ngazi. Mama wa ghorofa ya chini kaniona. Shauri yake.

Nimeshapanga yote. Nikila kiapo tu, kesho yake naanza maombi ya kumleta mama. Mwenye kadi ya ukaazi haruhusiwi kumleta mzazi. Raia anaruhusiwa. Na mama yuko Gyumri, Armenia, peke yake, na nyonga yake ile iliyofungwa chuma, na jiko la kuni ambalo lazima uiname kuliwasha. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Nani mwingine atamleta?

Jioni nikaenda na barua yangu kwa Manvel, kaka wa mke wangu, nimringie kidogo. Kosa kubwa! Manvel alipata uraia mwaka juzi na hajanyamaza tangu siku hiyo. Picha ya kiapo ameitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yake. Tukacheza nardi, mchezo wetu wa kete na dadu. Nilikuwa namfunga vizuri tu. Katikati ya mchezo, dadu bado mkononi, akaniuliza kama nimeshafikiria nitawaambia nini kuhusu safari ile.

Safari gani?

Ile ya miezi minane, akasema.

Nikamwambia nilikwenda kumuuguza mama yangu, nani ataniuliza jambo kama hilo? Akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kete.

“Shemeji,” akasema, “sisi wenzako tunaishi Amerika. Wewe ulikuja kututembelea tu. Shemeji mtalii!”

Mbele ya mkewe! Mkewe naye akacheka, kwa pua, kama mtu anayepenga kamasi.

Nimeondoka mchezo haujaisha. Ningeshinda. Na iandikwe hapa: ningeshinda.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa mzee Onik. Ana duka dogo karibu na kituo cha mafuta: anatafsiri vyeti, anapiga picha za pasipoti, anatuma vifurushi Armenia, na katikati ya hayo anashauri watu mambo ya karatasi. Nusu ya Waarmenia wa mji wetu huu wa Glendale wamepita kwenye kile kiti chake kilichochanika. Nilitaka aniambie Manvel ni mjinga. Hakuniambia.

Amesema hivi. Mwenye kadi anayetaka uraia lazima awe ameishi hapa mfululizo miaka mitano. Kusafiri si dhambi. Lakini ukikaa nje zaidi ya miezi sita, serikali inachukulia kwamba ulihama, na kazi ya kuithibitishia kwamba hukuhama ni yako wewe. Ukikaa mwaka mzima, basi, hakuna hata cha kubishana.

Nikamwuliza tangu lini! Akasema tangu zamani. Nikamwuliza mbona hakuna aliyeniambia! Akasema imeandikwa. Imeandikwa wapi? Kila mahali, akasema, hata kwenye kile kijitabu nilichokupa mwenyewe, ulichokalia sasa hivi. Nikainuka. Kweli nilikuwa nimekikalia.

Basi akanituliza. Amesema mimi nina bahati. Mke na binti walibaki hapa. Nyumba tuliipanga kwa majina yetu wote wawili na hatukuiacha. Mama aliteleza kwenye barafu mwezi wa pili mwaka juzi, hospitali ipo, vyeti vipo. Nilirudi mwezi wa kumi. Nilete na barua ya kazini kwamba nafasi yangu ilikuwa inanisubiri. “Halafu, Zaven,” akasema, “ukiulizwa jina, taja jina. Usitaje na la babu.” Sijui alikuwa na maana gani. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Kutoka pale nikapitia moja kwa moja kazini. Tunakata mawe ya kaunta za jikoni, mimi na wenzangu wanne, na bosi ni Vahagn. Nikamweleza. Akafuta vumbi la mawe usoni, akasema sawa, ataandika. Moyo ukatulia. Akaandika hapohapo: alimpa Zaven Gharibyan likizo ya miezi miwili kumuuguza mama yake, kisha akampokea tena kazini aliporudi.

Miwili! Nikasema andika minane. Akasema alinipa miwili. Mwezi wa tatu akanipigia simu, na nikamjibu kwamba mawe yake ayakate kwa meno. Nikasema hayo ni mazungumzo ya watu wazima, hayana haja ya kuingia kwenye barua. Akasema hataki kudanganya serikali kwa ajili ya meno yangu wala yake. Hii aliyoandika inatosha, na nishukuru. Nishukuru! Nikaichana ile barua mbele yake, vipande vinne, nikaviweka juu ya mashine.

Nimepanda gari nikiwa nahema. Sihitaji barua ya mtu. Nina akili yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Akili yangu imefanya kazi. Ushahidi ni nini? Ni picha! Mtu akionekana kwenye picha, yupo. Hakuna afisa anayeweza kubishana na keki.

Lusine, binti yangu, anatimiza miaka kila Mei. Mei ile nilikuwa Gyumri. Basi leo nimetoka kazini mapema, nimenunua keki kubwa yenye jina lake, na namba ya umri wake wa mwaka ule, kumi na mbili. Nimefunga maputo. Nimefunga pazia ili jua la Machi lisionekane. Nimevaa fulana ya mikono mifupi. Nimemwambia Lusine avae gauni lake la zamani la maua. Halikupanda. Nikamwambia ajikunje.

Akasimama mlangoni akaniangalia, mikono kiunoni, mama yake kabisa. “Baba,” akasema, “unataka nizaliwe upya kwa ajili ya serikali?”

Nikamwambia ni picha tano tu, atabasamu.

“Siku yenyewe nilikusubiri kwenye simu,” akasema. “Hukupiga. Ulipiga kesho yake, ukasema ulikuwa na foleni ya matairi.”

Nikamwambia tofauti ya saa kati ya hapa na Gyumri ni kubwa, mtu anaweza kuchanganya siku. Akaingia chumbani akabamiza mlango. Puto moja likapasuka.

Na hapo hapo Siranush akaingia. Anashona magauni ya maharusi mchana kutwa, anarudi na sindano bado kwenye kola. Akaona maputo na pazia lililofungwa, uso wake ukachanua. Sikuwa nimemwona hivyo muda mrefu. Akasema, “Zaven! Umekumbuka!”

Nimekumbuka nini?

Tarehe nane Machi. Sikukuu ya wanawake! Kila mwanamume mjini leo amebeba maua. Manvel amempelekea mkewe mawaridi, amempelekea na dada yake kazini, mbele ya mafundi wote. Mimi nimemwekea mke wangu keki ya umri wa miaka kumi na mbili.

Ningeweza kudanganya. Lakini akaisoma keki. Nikaeleza mpango. Akavua viatu polepole, na hiyo ni dalili mbaya. Akasema Jumanne sisi sote tutainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli, na kama nadhani yeye atakaa chumba cha pili akiapa huku mumewe ana picha za uongo mfukoni, basi simjui. Akasema kweli yangu inatosha, niipeleke hivyohivyo ilivyo. Kisha akaichukua keki nzima akaishusha ghorofa ya chini kwa yule mama aliyeniona nikibusu bahasha. Nikawasikia wanacheka kupitia sakafu.

Hakuna aliyeniletea hata kipande.

Jumapili, 10 Machi

Nyama choma kwa Manvel. Sikutaka kwenda. Siranush alisema twende. Nimekaa kando na mkate wangu wa lavash, simwangalii mtu.

Manvel akaja na simu yake. Akasema, shemeji, wale watu wa uraia siku hizi wanaangalia mitandao, unalijua hilo? Akaniwekea video. Mimi! Mimi mwenyewe, nimesimama mbele ya gereji Gyumri, mikono imetapakaa grisi, juu yangu kibao kikubwa: MATAIRI YA ZAVEN. Na mimi nasema kwa sauti, mbele ya ulimwengu mzima: “Tumefika, jamani, na tumefika kukaa!”

Ilikuwa tangazo la biashara! Ulitaka niseme nini? Tumefika lakini tunaondoka kesho? Nani atakuletea gurudumu lake?

Na hapa niweke wazi, maana Manvel anasimulia upuuzi. Mama alianza kutembea na fimbo baada ya miezi miwili. Ni kweli. Lakini binamu yangu Grigor alikuwa na lile banda limekaa tu, bila kazi, na barabara za Gyumri zinajulikana, mashimo makubwa ya kumficha mbuzi. Mtu mwenye macho angeona nafasi. Mimi nina macho. Hapa Glendale mimi ni mtu wa kubeba mawe ya Vahagn. Kule kulikuwa na kibao chenye jina langu, na vijana wawili wakiniita bosi. Ningekuwa naendelea hadi leo kama Grigor asingekunywa faida.

Nikachukua simu yangu nifute video zote mara moja. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Hii nafungua tairi. Hii nacheza dansi na tairi. Nikabonyeza, nikabonyeza. Ile ya kibao nikaibonyeza vibaya, badala ya kufutika ikajirusha upya, kama mpya, ya leo. Kabla sijajua jinsi ya kuirudisha watu thelathini walikuwa wameipenda. Wa kwanza Manvel. Alikuwa amekaa meza ile ile, akitafuna.

Shangazi yangu wa Gyumri akaandika chini yake: Karibu tena nyumbani, Zaven!

Nimeitupa simu kwenye ndoo ya barafu. Sasa haiwaki.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nikiwa nimesimama. Kwa hasira, si kwa hofu.

Tulifika mapema. Siranush kavaa suti aliyojishonea. Mimi koti la harusi, linanibana kwapa. Ukumbi umejaa watu wa kila nchi, kila mmoja na bahasha yake kifuani kama mtoto mchanga. Siranush akaitwa kwanza. Akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ndogo, “Mama yako. Mimi. Lusine. Nyumba. Basi, Zaven. Hayo tu.”

Nikaitwa na afisa mmoja, Bwana Pruitt. Mtu mpole, tai ina picha za bata. Nikaapa. Kiingereza: nimesoma, nimeandika, safi. Historia: kila swali nimejibu, nikamwongezea na mengine ambayo hakuuliza. Akatabasamu. Nikajisemea, huyu ni wangu.

Akafungua faili, akasema naona ulikuwa nje miezi minane. Nikamwambia habari za barafu, za mama, za nyonga. Nikamwonyesha vyeti vya hospitali. Alisikiliza kweli. Akaniambia pole, baba yake mwenyewe alivunjika nyonga. Akauliza mke alibaki wapi. Hapa. Binti? Hapa, shuleni. Nyumba? Ile ile. Anaandika na kuitikia kwa kichwa, anaandika na kuitikia. Bata kwenye tai nao walikuwa kama wanaitikia. Nilishaanza kumwona mama akishuka kwenye ndege.

Halafu akasema, kwa upole wake uleule: “Kwa hiyo miezi yote minane ulikuwa umekaa tu nyumbani kwa mama, hukuwa na kazi?”

Umekaa tu!

Mimi! Zaven Gharibyan, niliyeanza kubeba mawe nikiwa na miaka kumi na nne! Miezi minane nimekaa tu kwa mama, nakula supu! Ndivyo anavyoniona! Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nilimsikia Onik kichwani akisema kitu kuhusu babu. Nikamsukuma Onik pembeni.

“Bwana,” nikamwambia, “mimi sijakaa bure hata siku moja maishani mwangu. Nilifungua gereji! Matairi! Nilikuwa na vijana wawili wananifanyia kazi. Kibao kilikuwa na jina langu, kinaonekana kutoka kituo cha treni!”

Akaacha kuitikia.

Akauliza, taratibu, gereji hiyo niliiendesha muda gani. Nikasema nusu mwaka, na kwa mafanikio. Akauliza kama kazi yangu ya hapa ilikuwa inanisubiri. Nikasema ile nilimwachia mwenyewe bosi, tena kwa maneno makali. Akauliza kama nilikuwa na nia ya kuendelea na biashara kule. Nikasema bila shaka, nani anafungua biashara kwa nia ya kuifunga? Akaandika. Akaandika sana. Nikafurahi kwamba sasa ananielewa.

Mwisho akasema Kiingereza na historia nimefaulu, lakini uamuzi hatautoa leo, utakuja kwa posta. Akanipa mkono. Mkono wa mtu anayekupa pole msibani.

Siranush alikuwa nje ameshamaliza zamani. Amepita. Alikuwa anajitahidi kutotabasamu, na hilo liliniudhi zaidi kuliko angetabasamu. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza. Tukafika kwenye maegesho. Akaweka mkoba wake juu ya paa la gari.

“Miezi miwili ilikuwa ya mama yako,” akasema. “Sikulalamika hata siku moja. Nilishona usiku na mchana na sikulalamika. Ile sita ilikuwa ya nani?”

Swali la kijinga. Nimeendesha gari mpaka nyumbani redio ikiwa juu.

Jumamosi, 23 Machi

Imefika. Sikuibusu bahasha hii.

Wamenikatalia. Kurasa tatu, adabu tupu, mheshimiwa huyu mheshimiwa yule. Wanasema nilivunja makazi yangu ya mfululizo. Wanasema niliajiriwa, tena kwa kujiajiri, nchi ya nje. Wanasema sikuonyesha kwamba kazi yangu ya hapa ilinisubiri. (Vahagn! Vipande vinne juu ya mashine! Angeandika minane mwanzoni, tusingefika hapa.) Na katika kila ukurasa neno lile lile: kutokuwepo kwako. Muda wa kutokuwepo kwako. Sababu za kutokuwepo kwako.

Kutokuwepo! Mimi nilikuwepo! Nilikuwepo Gyumri! Nilimbeba mama yangu mgongoni kutoka ngazi ya nje hadi kitandani, na theluji imejaa mpaka dirishani. Nilimwosha miguu. Nilijifunza kumsuka nywele, mimi na vidole hivi, kwa sababu hakuweza kuketi wima na alikuwa anaona aibu wageni wakimkuta hajasukwa. Nani hakuwepo hapo? Bwana Pruitt alikuwepo? Bata wake walikuwepo? Waje waniambie usoni ni mwana gani anayekaa California akihesabu siku ilhali mama yake amelala sakafuni.

Nimepiga teke pipa la taka la barabarani. Zito kuliko nilivyodhani.

Nikiwa nimekaa ngazini na dole gumba la mguu limevimba, nikampigia mama kwa simu mpya. Nikamwambia wamenikatalia, nikamwambia sasa sitaweza kumleta, nikamwambia asilie.

Nikasikia kuku wake. Kisha akasema: “Zaven jan, mwanangu, nani alikuambia nataka kuja huko?”

Nikasema sisi sote tulikuwa tunajua.

“Sisi nani? Nije nifanye nini? Nikae ghorofani niangalie magari? Kaburi la baba yako nimwachie nani?” Akavuta pumzi. “Mimi nilitaka uje wewe. Ukaja. Ukanisuka nywele vibaya, nikafurahi. Basi. Nenda kamwangalie mkeo.”

Nilikaa hapo na simu sikioni, yeye naye hakukata. Nadhani alikuwa anamenya kitu, nilisikia kisu.

Baadaye akaongeza kwamba yale magurudumu niliyoacha uani yanafuga panya, nimwambie Grigor ayatoe. Hasira ikarudi, nikashukuru. Kwa hasira najua la kufanya.

Jumatano, 17 Aprili

Kiapo cha Siranush. Ukumbi mkubwa katikati ya Los Angeles, maelfu ya watu, bendera ndogo za karatasi mikononi. Wanaoapa chini, wageni juu. Mimi juu. Kati ya Manvel na mkewe! Manvel alivaa tai. Alinieleza utaratibu wote, sasa wanasimama, sasa wanaketi, kama vile mimi ni kipofu. Nilimwambia akinieleza tena nitamrusha kwenye ukumbi akaape mara ya pili.

Nilikuwa nimeamua kutopiga makofi. Si kwa chuki. Kwa msimamo.

Kisha wakaita majina ya nchi, moja moja, watu wanasimama. Wakaita Armenia. Nikamwona Siranush, mdogo kabisa pale chini, na suti yake ya kushona mwenyewe. Akasimama. Alikuwa ananyoosha koti lake nyuma, kama anavyofanya kila mara akiwa na hofu. Miaka sita nimemwona akienda kazini gizani na kurudi gizani, na Lusine alilelewa na nani ile miezi minane? Sijui ni vumbi gani lililokuwa kwenye ule ukumbi. Lilinipata machoni. Lusine, kutoka kiti cha nyuma, akanipa leso bila kuniangalia.

Nilipiga makofi. Manvel aliona. Akawa mstaarabu kwa mara ya kwanza maishani mwake: hakusema kitu. Na hilo pia liliniudhi.

Nje tulimkuta Onik, alikuja kumsindikiza mteja mwingine. Akanivuta kando. Akaniambia nisivunjike moyo. Nitulie hapa, nifanye kazi yangu, niende kumwona mama wiki tatu, nne, nirudi. Miaka mitatu hivi, nitaomba tena, na Siranush akiwa raia mambo yatakuwa mepesi zaidi. “Kitu kimoja tu,” akasema, “usikae nje muda mrefu. Hicho tu, Zaven. Kitu kimoja.” Nikamwambia mzee, nimeelewa. Hata mtoto angeelewa.

Jumatatu, 22 Aprili

Jana ilikuwa Pasaka. Meza ilijaa: samaki, wali wenye zabibu, mayai mekundu. Nilimpiga Manvel kwenye kugonganisha mayai, lisilopasuka ndilo mshindi, mara tatu mfululizo. Alidai yai langu lilikuwa la mbao. Halikuwa la mbao. Lilikuwa limechemshwa sana.

Kisha Siranush akainuka na glasi yake. Akasema sasa kwa kuwa yeye ni raia, ana tangazo. Ameshaanza maombi. Anamleta mzazi.

Nikainuka nimkumbatie! Nikadhani mama yangu! Nilikuwa nimeshafungua mikono! Mzee Onik, ambaye tulimwalika, akanikumbusha kutoka kwenye kiti chake, kwamba raia anamleta mzazi wake mwenyewe, si wa mumewe.

Arusyak. Mama mkwe wangu. Mwanamke ambaye kwenye harusi yetu alimwuliza kasisi kama bado inawezekana kubadilisha bwana harusi. Anakuja kuishi na sisi. Chumba cha nani? Chumba changu cha redio! Na yeye amefurahi, yuko Vanadzor, kule Armenia, ameshaanza kugawa vyombo vyake. Manvel alipiga meza kwa furaha mpaka mayai yakaruka. Ni mama yake pia, na haendi kukaa kwake!

Nikatoka kwenye baraza nipate hewa. Na hapo Grigor akapiga simu. Wakati mwingine Mungu anaona. Grigor ameacha kunywa, ana wiki mbili kamili. Amepata bwawa, nje kidogo ya Gyumri, maji ya chemchemi, baridi kama kisu. Samaki wa ishkhan! Mahoteli yote ya Yerevan yanalia kwa ishkhan. Anataka mshirika mwenye kichwa. Nikamwambia nipe dakika moja. Dakika haikuisha, nikakubali.

Leo asubuhi nimemwambia Vahagn kwamba nahitaji likizo ya wiki tatu kumwona mama. Akaniangalia sana. Akauliza wiki tatu za nani. Nikamwambia atunze ulimi wake na mawe yake.

Siranush ameniuliza kama niliwahi kuisoma ile barua ya kukataliwa hadi mwisho. Nikamwambia nimeisoma, na nimeona kosa lao liko wapi: mara ile nilikuwa na matairi. Samaki si biashara ya kuhamia. Samaki wanajilea wenyewe, mtu unasimama pembeni tu. Akavua viatu polepole. Sikumngoja amalize.

Ndege ni Alhamisi. Tiketi ya kurudi nimeiacha wazi, haina tarehe. Samaki hawaharakishwi.